Kifungu cha Saba

Pasiansi, Mwanza
11 Februari 2024

Ma Kokulinda, shikamoo.

Ni mimi Winnie, binti wa Suzana aliyepanga chumba cha tatu kwenye nyumba yako ya Mirongo. Labda unanikumbuka mdogo, yule aliyekuwa anakalia ngazi zako na kuzuia watu wasipite. Juzi nilikutana na mwanao Renatus mjini, ndiye aliyenipa anwani. Ameniambia tangu ile homa masikio yako hayapati simu tena, na ujumbe wa simu huutaki kwa sababu unasema maandishi yanakimbia kabla hujamaliza kuyasoma. Basi nimeshika kalamu, na barua hii inakuja na kondakta wa basi la Bukoba.

Ma, mama alifariki Agosti iliyopita. Tulimzika Misungwi, kando ya baba.

Ameniachia nyumba hapa Pasiansi. Aliijenga kimya kimya kwa miaka kumi na minne, kwa cherehani yake tu, na hata mimi nilidhani ni kibanda mpaka siku aliponileta kuiona. Ni safu moja ya vyumba sita. Kimoja nakaa mwenyewe, vitano alitaka nipangishe. Mbele ameacha ua mpana kiasi kwamba fundi Elias akiingia anatikisa kichwa. Anasema vyumba viwili vingine vinaingia pale bila kubanana.

Siku zake za mwisho aliniambia mambo mawili. La kwanza, ua usiguswe. La pili, nikitaka kuwa mwenye nyumba nikuulize wewe, sio mtu mwingine. Nikamwuliza kwa nini wewe. Akasema, "Yeye anajua yote, na lile moja analijua kuliko watu wote." Sikumwelewa, na alikuwa amechoka, sikumsumbua tena.

Mimi nauza kwenye duka la dawa. Sijawahi kumpangisha mtu hata kitanda. Watu wananishauri kila mmoja na lake: mwingine anasema chukua kodi ya mwaka, mwingine anasema weka dalali ulale, mwingine anasema uza kabisa. Ninachoogopa ni kuharibu kwa mwaka mmoja kitu ambacho mama alikijenga kwa miaka kumi na minne. Naomba unifundishe, tafadhali, kuanzia mwanzo.

Wako,
Winnie Shimba


Kamachumu
23 Februari 2024

Winnie mwanangu, marahaba.

Habari za mama yako nimezipata kwenye barua yako. Zilikuwa hazijanifikia. Renatus hakuniambia, na akija nitamwuliza vizuri. Nimekaa na karatasi hii siku tatu ndipo nikaweza kuandika. Pole sana, waitu, mwana wetu. Suzana alikuwa mpangaji ambaye sikuwahi kumgongea mlango kwa lolote.

Sasa nisikilize, maana umeomba kuanzia mwanzo na mwanzo wenyewe watu wengi wanauruka.

Kabla hujamwita mpangaji hata mmoja, lala katika kila chumba. Usiku mmoja kila chumba, na usiku wa mvua ukipatikana ni bora zaidi. Pasiansi maji yanatoka juu kwenye mawe na hayabishi hodi. Utajua dirisha lipi linavuja, mlango upi unasugua chini, na ukuta upi unapitisha maneno ya jirani. Mpangaji atayajua yote hayo wiki ya kwanza, na ni vibaya akikuzidi kuijua nyumba yako mwenyewe.

Choo na maji vitangulie rangi. Watu wanavumilia ukuta mchafu, choo hawavumilii, na wale wazuri ndio wa kwanza kuondoka. Luku ya umeme iwe ya kila chumba au angalau kila mmoja awe na mita yake ndogo. Nimeshuhudia watu wa dhehebu moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya pasi ya umeme.

Dalali usimkatae, ila usimwachie akuchagulie mtu. Kwake kila mteja ni mtumishi wa serikali asiye na watoto. Wewe nenda mpaka anapokaa sasa huyo anayetaka chumba. Msalimie, kaa kidogo, angalia. Halafu umwulize jirani yake. Usimwulize mwenye nyumba wake, kwa sababu mwenye nyumba anayetaka kumwondoa mtu atamsifia mpaka ushangae.

Mkataba uandikwe, nakala tatu, moja ikae ofisi ya mtaa. Andika hata kitasa kikivunjika nani anakinunua. Ugomvi wangu wote wa miaka thelathini na moja ulianzia kwenye vitu vidogo ambavyo hatukuviandika. Ndugu usimpangishe, msaidie kwa njia nyingine. Kodi ya mwanzo usiile yote, bati halikuambii litaoza lini. Na ukishampa mtu ufunguo, chumba kile si chako tena mpaka siku atakapourudisha. Hata kama una wa akiba, usiingie akiwa hayupo.

Kuhusu ua, mama yako alikuwa fundi wa nguo, si wa nyumba. Fundi wako anasema kweli. Ardhi ya Pasiansi kuiacha wazi siku hizi ni anasa ya watu wengine. Jenga hivyo vyumba viwili taratibu.

Hilo la "lile moja" sijui alikusudia nini. Wagonjwa wanasema mengi.

Ni mimi,
Ma Kokulinda Rwegasira


Pasiansi
10 Machi 2024

Ma Kokulinda, shikamoo.

Nimelala vyumba vyote. Cha nne kilinilowesha miguu, Elias amekiziba pembeni mwa dirisha. Cha pili nilisikia mpaka mtu wa nyumba ya pili akikohoa, basi tumeongeza plasta. Kila nilipokuwa nahamisha godoro majirani walinicheka, wanadhani nimegombana na mtu na mimi mwenyewe naishi peke yangu.

Vyumba vinne vimepata watu. Wa kwanza ni Dorcas, mwalimu wa watoto wadogo, kwao kisiwani Ukerewe. Nilifuata maneno yako nikaenda anapokaa, kule Mabatini. Jirani yake aliniambia, "Huyo anafagia mpaka upande usio wake." Nikampa chumba cha pili siku hiyohiyo. Ni mtu wa maneno machache, ana adabu, na ananiita mama mwenye nyumba ingawa tumepishana miaka miwili tu.

Na Ma, nimelipata jibu la mama. Nilikuwa napanga vitu vyake, ndani ya Biblia nikakuta ile karatasi yako ya masharti ya Mirongo, iliyopigwa kwa mashine, na sahihi yako chini. Ina vifungu saba. Sita ni hivihivi ulivyonifundisha. Cha saba kinasema: *Mpangaji haruhusiwi kuweka msiba ndani ya nyumba wala uani.* Mama amekipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Nimefungua Biblia nzima, hakuna mahali pengine alipopiga mstari, hata kwenye Zaburi.

Nikasema kumbe hili ndilo "lile moja". Yaani katika vyote, hiki ndicho alichotaka nisikisahau. Nimeyachapa yote saba upya, nimebandika ukutani pale wapangaji wanapochotea maji, na kila mmoja amesaini nakala yake. Niambie kama nimemwelewa sawasawa.

Kuhusu ua nimesita, kwa sababu mama alisema usiguswe. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nikufuate wewe, na wewe umesema nijenge. Elias ataanza kuchimba msingi baada ya Pasaka.

Winnie


Kamachumu
21 Machi 2024

Winnie mwanangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Karatasi ile ni ya zamani sana. Ilikuwa ya nyumba ile na ya miaka ile. Nyumba yako ni nyingine. Hicho kifungu cha saba fanya utakavyoona.

Macho yananisumbua kidogo, kwa hiyo naishia hapa. Kumbuka kuangalia koki ya nje kabla ya masika, huwa inaanza kutona hivi hivi.

Ma Kokulinda


Pasiansi
28 Aprili 2024

Ma Kokulinda, shikamoo. Pole na macho.

Kuna jambo limetokea, na nimelifanya kama lilivyoandikwa, lakini halijatulia ndani yangu, ndiyo maana nakuandikia.

Mwezi wa tatu mama yake Dorcas alivuka kutoka Ukerewe kuja kutibiwa. Alikaa na binti yake chumba cha pili. Alikuwa bibi mpole, jioni anatoa kigoda anakaa mlangoni kumenya mihogo, na mara nyingine alinipigia kelele nile kwanza ndipo niende kazini. Alhamisi ya tarehe kumi na nane alifia hospitali.

Dorcas alikuja kwangu na wanawake wawili wa kanisani kwao. Aliomba ua kwa siku mbili, watu wa hapa mjini wapate pa kukaa wakati anatafuta namna ya kumvusha marehemu. Nikampeleka ukutani. Alikifuata kifungu cha saba kwa kidole, neno kwa neno, kama anavyowafundisha watoto. Halafu akasema, "Sawa, mama mwenye nyumba." Na kusema kweli hata ningetaka, ua ulikuwa umeshachimbwa, mawe ya msingi yamejaa katikati.

Walifunga turubai nje ya geti, kando ya barabara. Ijumaa ilinyesha tangu asubuhi. Nilitoka kuwapa pole, nikapeleka mchele na mkaa, nikakaa nao kama saa moja hivi. Bodaboda zilikuwa zinapita zinawarushia maji mpaka kwenye mikeka. Jumamosi wakaondoka na marehemu.

Tangu wamerudi, wapangaji wengine wananijibu kwa mkato. Dorcas ananisalimia vilevile, hajabadilika hata kidogo, na hilo ndilo linanisumbua zaidi. Najiambia hakuna ubaya, kwani hata msiba wa baba ulikuwa barabarani. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka nimekaa kwenye mkeka nahesabu baiskeli, na mtu mmoja ananipa wali kwenye sahani ya bati. Miaka mingi nilikuwa nikiamini msiba lazima uwekwe barabarani, ili wapita njia wajue kuna mtu amekufa. Nilipokua nikamwuliza mama, akasema hapana, ni kwamba ua wa Mirongo ulikuwa mdogo.

Nimefanya sawa, Ma? Naomba uniambie nimefanya sawa.

Winnie


Kamachumu
6 Mei 2024

Winnie mwanangu,

Hukufanya sawa. Lakini kosa lenyewe ni langu, na barua hii ndiyo niliyopaswa kukuandikia mwezi wa tatu.

Ua wa Mirongo haukuwa mdogo. Wewe mwenyewe ulikuwa unaruka kamba pale na watoto wanane.

Baba yako Shimba alifariki Novemba 1993. Alikuwa utingo wa lori la pamba, likapinduka njia ya Shinyanga. Mama yako alikuja mlangoni kwangu na wanawake wawili wa jumuiya, kama Dorcas alivyokuja kwako. Aliomba ua kwa siku mbili, mpaka usafiri wa kumpeleka marehemu Misungwi upatikane. Nikamwonyesha karatasi ukutani. Akaisoma, akasema sawa, mama mwenye nyumba. Nilipoyakuta maneno hayohayo kwenye barua yako nilivua miwani, nikatoka nje, nikakaa kwenye migomba mpaka mjukuu akaja kunitafuta.

Nitakwambia kwa nini niliandika kifungu kile. Sijitetei, nataka tu ujue. Miaka ile huku kwetu kila ua ulikuwa na msiba. Nilimzika mume wangu, nikamzika dada yangu Celestina, nikazika shemeji wawili, yote katika miaka mitatu. Ulikuwa unatoka kwenye matanga haya unaingia kwenye yale kabla hujafua kanga. Nilipokuja Mwanza na watoto, kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, nikajiapia kwamba ile moja itakuwa nyumba ambayo watu hawalii. Vifungu sita nilivitunga kwa akili. Cha saba nilikiandika kwa sababu nilikuwa naogopa.

Walikaa ng'ambo ya barabara, kando ya mtaro. Siku ya pili mvua ilinyesha, mto Mirongo ukapanda, maji yakafika kwenye mikeka. Mama yako hakuinuka. Mimi niliyaona yote dirishani, na wewe nilikuona na sahani yako. Sikutoka. Nilijua nikitoka nitawaita ndani.

Mwezi uliofuata alileta kodi kwa mikono miwili, kama kawaida yake, akaniamkia. Alikaa kwangu miaka saba zaidi. Hakuwahi kusema neno. Nilikuwa nasubiri siku atakayonitukana ili na mimi nipumzike, hakunitukana. Siku ya kuhama alikipiga chumba deki, akaacha ufunguo dirishani. Karatasi ya masharti haikuwepo ukutani. Nilidhani upepo umeichukua.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba amekipigia mstari mara mbili, nilijua maana yake. Na ua ule pia nilijua ni wa nini. Mwanamke aliyewahi kukaa barabarani na msiba wake, siku akipata kiwanja anaanza kwa kupima ua. Na mimi nilikuwa nimeshakuambia ujenge juu yake. Nilikuwa na nafasi ya kuandika maneno mawili, *kifute* na *usichimbe*. Nikaona aibu kusema mbele ya mtoto niliyemwona akijifunza kutembea kwenye baraza yangu, nikasingizia macho. Macho yangu ni mazima, Winnie. Nimekuwa nikisoma barua zako bila shida yoyote.

Fukia msingi. Kifute kile kifungu. Halafu nenda kwa Dorcas, na usiende na zawadi wala habari ya kumpunguzia kodi, atajua unamnunua. Nenda mikono mitupu, useme ulichofanya.

Ma Kokulinda


Pasiansi
9 Juni 2024

Ma Kokulinda, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika vitu ambavyo mama asingependa nimwandikie mtu mzima.

Elias nilipomwambia afukie alicheka, akadhani natania. Nikampa barua yako akaisoma kwenye lundo la mawe. Alipomaliza hakucheka tena, alichukua koleo, na siku ile hakutaka malipo. Karatasi nimeibandua ukutani, kifungu cha saba nimekikata kwa kalamu.

Nilikwenda kwa Dorcas mikono mitupu. Nilimwambia nilikosea, na kwamba ua uliachwa wazi kwa ajili ya mambo kama yake, ila mimi sikujua. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akasema, "Nimeshazika." Akaniuliza kama naweza kumpa ile karatasi ya masharti, nikaenda kuichukua nikamletea. Nilipofika mlangoni akasema kodi yake inaisha Septemba na atahama, amenieleza mapema ili nipate muda wa kutafuta mtu. Amefuata mkataba kama tulivyouandika.

Sasa niseme langu. Kuhusu baba, sina la kukudai. Mama alilimaliza kwa namna yake: alinyamaza, akajenga, halafu akanituma kwako. Nadhani alitaka wewe mwenyewe ndiye uniambie. Alikuamini, Ma. Nafikiri ndicho kinachoniuma.

Lakini mwezi wa tatu kalamu ilikuwa mkononi mwako. Yule bibi alikuwa bado mzima, anamenya mihogo mlangoni. Uliandika habari ya koki.

Winnie


Kamachumu
23 Juni 2024

Winnie mwanangu,

Niliandika habari ya koki. Ni kweli. Sina la kuongeza hapo wala la kupunguza.

Nimefikiri kama nikuandikie tena au nikuache, nikaona niseme jambo moja, halafu uamue mwenyewe.

Kifua changu si kizuri. Renatus ananipeleka hospitali kila mwezi, madaktari wanaongea na yeye, mimi naangalia midomo yao. Sihitaji masikio kujua. Nikifa nitazikwa hapa kibanjani, kwenye migomba yetu, kando ya mume wangu na Celestina, mahali pangu ninapaona nikiwa nimekaa. Hilo halina shida.

Lakini nilikaa Mwanza miaka thelathini na moja. Nina wanawake wa kwaya, nina waliouza na mimi ndizi pale sokoni kabla sijawa mwenye nyumba wa maana, nina wapangaji wangu wa zamani ambao sasa ni wazee kama mimi. Hawataweza kufika Kamachumu. Watasikia, watapigiana simu, wataulizana msiba uko wapi, na hakutakuwa na mtu wa kuwajibu. Nyumba ya Mirongo niliiuza. Aliyenunua amejenga maduka mpaka ukingoni mwa barabara. Ule ua niliomnyima mama yako haupo.

Wiki hii tumeanika kahawa uani hapa, nami nimekaa pembeni nafukuza kuku, na nimejiona nikiwahesabu watu wale na kuwatafutia pa kukaa. Nimewatafuta mji mzima kichwani. Kila nikizunguka nafika kwako.

Nakuomba siku moja, uani kwa Suzana. Siku moja tu, wakae, waimbe, wanywe chai, watawanyike. Ukikataa nitaelewa, na sitakuandikia tena kukusumbua. Ukisema "Sawa, mama mwenye nyumba," sitakuamini. Nataka unijibu kwa maneno yako.

Ma Kokulinda


Pasiansi
4 Agosti 2024

Ma Kokulinda, shikamoo. Pole na kifua.

Barua yako nilikaa nayo wiki nzima. Kisha nikaona jibu lenyewe si langu peke yangu. Wewe ulimnyima mama, na mama hayupo. Mimi nilimnyima Dorcas, na Dorcas yupo chumba cha pili. Basi nilimpelekea barua zako zote, ile ya kwanza ya mafunzo mpaka hii ya mwisho, nikamwambia asome akipata nafasi.

Alikaa nazo siku kumi na moja, nami sikumwuliza. Pale Elias alipofukia, udongo ulititia kidogo, maji ya ile mvua ya ajabu ya mwezi uliopita yakatuama. Jumamosi moja nikarudi kutoka kazini nikamkuta Dorcas na mpini wa jembe anapashindilia, viatu amevua. Nikavua vyangu nikamsaidia. Tulifanya kazi mpaka pakawa sawa na pengine.

Jana jioni aligonga mlango. Alinirudishia barua zako, amezifunga na uzi, na juu yake ile karatasi ya masharti. Pale nilipokikata kifungu cha saba, ameandika kipya kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: *7. Mpangaji akifiwa, ua ni wake.* Akasema nikiridhika niipeleke ikachapwe. Nimeipeleka leo asubuhi. Vyumba viwili vya uani havitajengwa, na nimemwambia Elias asinipe tena mahesabu yake. Septemba Dorcas hajaitaja, nami sijamwuliza.

Nilidhani amemaliza. Alikuwa ameshageuka kwenda, akasimama hapo nje ya mlango wangu, anautazama ua.

"Huyo bibi ana watu wangapi hapa Mwanza?" akaniuliza.

Nikasema sijui vizuri, labda thelathini, labda arobaini, wengi ni wazee.

Akautembeza macho kutoka getini mpaka kwenye bomba, polepole, kama mtu anayepanga madawati.

"Watatosha," akasema. "Mwandikie aache kuwatafutia. Mikeka ninayo mwenyewe, ile ya mama. Ilishakauka."

Mwanao,
Winnie